Kiko, Sigara, Shisha: Historia ya Moshi Katika Milima ya Upare

Mwishoni mwa mwaka 1903 wamisionari wawili Waadventista wa Sabato kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipanda kutoka tambarare hadi Mamba, Upare ya Kusini, wakajenga kituo mahali panapoitwa Giti. Wakakipa jina la Friedenstal. Pamoja na Biblia na ubao wa kufundishia, walikuja na masharti yao: anayetaka kubatizwa aache pombe, aache nyama ya nguruwe, aache tumbaku ya kila namna. Kwa watu waliozoea dengelua, ile pombe ya miwa ambayo bila yake wazee hawakuona kama kikao kimekamilika, hayo hayakuwa masharti mepesi. Pombe na nguruwe waliwahi kusikia vikikatazwa na Waislamu wa pwani waliopita na misafara. Mtu kukatazwa tumbaku, tena katazo lisilobagua ya kuvuta wala ya kunusa, lilikuwa jambo geni.

Hata hivyo lilishika. Leo makao makuu ya Konferensi ya Kaskazini Mashariki mwa Tanzania ya kanisa hilo yapo Same mjini, na ukitaja Mamba, Suji, Vunta au Kihurio, watu wengi wa Kilimanjaro na Tanga watakuambia papo hapo kwamba huko ni kwa Wasabato. Ni wilaya chache za nchi hii zilizohubiriwa dhidi ya tumbaku kwa muda mrefu kama wilaya hii ya Same, miaka zaidi ya 120, mimbarani na shuleni. Ndiyo maana namna vijana wa Same wanavyoitazama shisha inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko inavyoangaliwa. Kijana ambaye asingethubutu kuwasha sigara mbele ya mjomba wake huiweka shisha katika fungu jingine kabisa. Kwake sigara ni tumbaku, na shisha ni starehe.

Fungu hilo halikuwapo zamani.

Kuvuta moshi kupitia maji si jambo lililoletwa Afrika Mashariki na baa za mjini. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kufundishia Kiswahili, na humo alieleza kiko kama alivyokiona kwa watu wa pwani. Juu kulikuwa na bori, bakuli dogo la kutilia tumbaku na moto. Kutoka kwenye bori ulishuka mrija ulioitwa digali hadi ndani ya chombo chenye maji, na hicho chombo ndicho kiko chenyewe, mara nyingi kifuu cha nazi au kibuyu kidogo. Mrija wa pili, shilamu, ulitoka kwenye kiko hadi mdomoni. Hata ule mlio wa maji yanapobubujika mvutaji anapovuta ulikuwa na jina lake: malio ya kiko. Mtu akitazama shisha ya leo ataona viungo vile vile vinne, ila chungu cha juu kimepakwa rangi, kifuu kimekuwa chupa ya kioo, na shilamu imekuwa mpira mrefu wenye kishikio.

Asili ya chombo hicho ina umri mkubwa kuliko tumbaku yenyewe katika bara hili. Katika pango la Lalibela, karibu na Ziwa Tana nchini Ethiopia, wachimbaji wa mambo ya kale walipata mabori ya udongo yenye mabaki ya bangi, yakakadiriwa kuwa ya karne ya 14, yaani zaidi ya miaka mia moja kabla meli za Wazungu hazijavuka bahari kwenda bara la Amerika ambako tumbaku ilitoka. Tumbaku ilipofika pwani yetu baadaye ilikuta watu wanaojua kuvuta. Richard Burton, aliyesafiri bara mwaka 1857 na 1858, aliwaeleza wapagazi wakivuta bangi kwa vibuyu vya maji, wakikohoa na kupiga kelele hadi kambi nzima ikajua nani yupo kwenye kiko. Burton huyo huyo alifika Vuga, katika Usambara, mwaka 1857, na akaiandika tumbaku ya Usambara, hasa ya upande wa Bumbuli, kuwa na sifa kubwa: ilitwangwa, ikakandwa, ikashuka pwani.

Usambara na Upare zimetenganishwa na bonde tu. Njia ya misafara kutoka Pangani ilipita chini ya milima hii, kupitia Mazinde, Gonja na Kisiwani, kabla ya kuelekea Taveta na Kilimanjaro. Kisiwani palikuwa kituo cha kupumzikia, na watu wa pwani waliacha hapo Uislamu, Kiswahili na desturi zao za barazani. Chuma cha Wapare, kazi ya wahunzi wa ukoo wa Washana, kilikuwa kikibadilishwa na majirani tangu kale. Sasa nguo, shanga na bunduki zilipanda mlima, pembe na watumwa wakashuka. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mtoto wa Upare aliyekuja kuwa profesa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameeleza kwa kina jinsi biashara hiyo ilivyovuruga tawala za milimani. Katika mapito hayo tumbaku ilikuwa bidhaa ndogo, lakini ilikuwa bidhaa ya kila siku. Mzee aliitafuna, bibi aliinusa ikiwa imesagwa na kuchanganywa na magadi, mpagazi aliivuta.

Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba kilichomo kwenye kiko ni tumbaku. Maji hayakumdanganya mtu.

Wamisionari nao hawakutofautisha. Ernst Kotz, aliyefika Upare miaka michache baada ya Ehlers na Enns, akaandika sarufi ya Chasu, lugha ya Wapare, iliyotoka mwaka 1909 na baadaye kitabu kizima cha mila za Wapare, alikuwa mwanafunzi makini wa maisha ya watu hawa, na aliwahukumu kwa ukali ambao msomaji wa leo ana haki ya kuupinga. Wazungu hawa walichukua matambiko, ngoma na misitu ya jando wakavitia vyote katika kapu la giza. Lakini kuhusu tumbaku walikuwa mbele ya wakati wao. Miaka ile madaktari wengi wa Ulaya bado walivuta mbele ya wagonjwa, na sayansi ya kuunganisha moshi na saratani ya mapafu ilikuja kukubalika katika miaka ya 1950. Walimu Wapare waliobaki na makanisa wakati Wajerumani walipoondolewa katika Vita vya Kwanza vya Dunia waliendelea na mafundisho yale yale kwa lugha yao, na nadhani hapo ndipo katazo lilipogeuka kuwa la wenyeji. Halikuwa tena neno la Mzungu. Lilikuwa neno la baba mkwe.

Sigara ilipanda kwa njia nyingine. Reli ya Usambara kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909 na Moshi mwaka 1911, na Same ikawa stesheni, kisha makao ya wilaya. Mashamba ya mkonge yakafunguliwa tambarare, Makanya na Ndungu, yakaleta manamba kutoka kila pembe ya Tanganyika, na duka la shamba likauza sigara. Vita vya Pili vya Dunia vikawachukua vijana, nao wakarudi na tabia za kambini. Kampuni ya sigara ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1961, sigara za hapa hapa nchini zilianza kufika hadi kwenye vibanda vya njia panda, zikauzwa moja moja kama zinavyouzwa hadi leo. Milimani pakawa na mgawanyo unaojulikana: Wasabato hawavuti, watu wa dini nyingine wanavuta kwa kujificha au kwa kutojificha kutegemea umri, na mwanamke anayevuta sigara hadharani anasemwa. Ugoro wa bibi haukuhesabiwa kuwa kuvuta.

Mgawanyo huo bado unaonekana katika takwimu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania wanatumia tumbaku ya aina yoyote: asilimia 14.6 ya wanaume na asilimia 3.2 ya wanawake. Si kiwango kikubwa ukilinganisha na nchi nyingi. Aibu imefanya kazi ambayo sheria peke yake isingeiweza, na imewakinga wanawake zaidi ya wanaume.

Shisha imepita pembeni mwa aibu hiyo.

Jinsi ilivyopata njia hiyo ni hadithi ya biashara. Uarabuni, Uajemi na Uhindi, bomba la maji lilikuwa starehe ya wazee wa kahawani kwa karne kadhaa, na kufikia miaka ya 1980 lilikuwa linazeeka pamoja nao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya Misri vilianza kuuza kwa wingi tumbaku iliyolowekwa kwa asali au molasi, ikatiwa ladha ya tufaha, zabibu, mnanaa na matunda mengine. Haikuhitaji tena ufundi wa kuiandaa. Ilifunguliwa pakiti, ikapangwa kwenye chungu, ikafunikwa foili yenye matundu, mkaa ukawekwa juu. Moshi wake ulikuwa laini kooni na wenye harufu ya peremende. Wasim Maziak, mtafiti aliyefanya kazi hiyo kwa miaka mingi Aleppo nchini Syria, ameonyesha kwamba tumbaku hii tamu, pamoja na utamaduni wa mikahawa, televisheni za setilaiti, mitandao, na sheria zilizoandikwa kwa ajili ya sigara tu, ndivyo vilivyoifufua desturi iliyokuwa inakufa na kuikabidhi kwa vijana wa dunia nzima.

Ikaja kwetu kupitia Dubai, Muscat, Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, katika hoteli kwanza, kisha kwenye viwanja vya starehe, kisha kwenye video za muziki. Same haiko mbali na njia hiyo. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha inapita mjini humo, Moshi ni mwendo wa saa mbili, na kijana anayemaliza kidato cha sita huondoka kwenda chuo Moshi, Arusha, Dodoma au Dar. Desemba ikifika anarudi milimani kula sikukuu na ukoo. Anarudi na nguo za mjini, simu ya mjini, na maoni ya mjini kuhusu kipi ni kosa na kipi si kosa.

Maoni hayo yanafanana mahali pengi mno kiasi cha kushangaza. Mwaka 2013 daktari Elie Akl na wenzake walikusanya tafiti za nchi mbalimbali kuhusu kwa nini watu wanavuta bomba la maji. Sababu zilizojirudia zilikuwa kukaa na marafiki, kupumzika, raha na burudani. Wengi waliamini kwamba halina madhara kama ya sigara. Na wengi walisema wanaweza kuacha siku yoyote wakitaka. Karibu zaidi na sisi, utafiti kwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha binafsi mjini Kigali, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta takriban mmoja kati ya wanne ametumia shisha. Hoja wanazotoa vijana wa Rwanda, Lebanon na Uingereza utazisikia vile vile kwa kijana wa Kitanzania anayekula bata Ijumaa usiku: moshi unapita kwenye maji kwa hiyo umesafishwa, ni matunda, hata wasichana wanavuta, si kila siku, ni wikiendi tu.

Kila moja ya hoja hizo inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu anayezitoa si mjinga. Anajibu kwa kadiri ya alichoambiwa, na aliambiwa habari za sigara.

Maji hupoza moshi. Kuupoza si kuusafisha: nikotini, lami na metali nzito hupita. Kwa kuwa moshi umepoa na hauchomi koo, mtu huuvuta kwa kina na kwa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2005 kwamba kikao cha shisha huchukua kati ya dakika 20 na 80, na mvutaji hupiga pafu 50 hadi 200, kila moja ikiwa kubwa kuliko ya sigara mara nyingi. Katika kikao cha saa moja anaweza kuvuta moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Juu ya hayo kuna mkaa. Mama yeyote wa Upare anajua kwamba jiko la mkaa haliwekwi ndani ya chumba kilichofungwa watu wakalala, maana hawataamka. Gesi ile ile ya kaboni monoksidi ndiyo inayotoka kwenye kipande cha mkaa kilichowekwa juu ya chungu, na mvutaji huivuta moja kwa moja kifuani. Kuna pia mrija unaopita mdomo hadi mdomo. Mkoa wa Kilimanjaro una hospitali ya Kibong'oto, iliyojengwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na bado inahudumia wagonjwa wa ugonjwa huo. Watu wa mkoa huu hawahitaji kufundishwa TB ni nini. Wanahitaji kuambiwa kwamba mrija wa pamoja ni moja ya njia ambazo wataalamu wa afya wanazihofia.

Serikali ilichukua hatua, na kwa kishindo. Julai 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipiga marufuku shisha nchini, akieleza wasiwasi kwamba inawaharibu vijana na kwamba huchanganywa na dawa za kulevya. Uganda ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Mei 2016. Rwanda na Kenya zilifuata Desemba 2017. Kenya ilifika mahakamani: Julai 2018 Mahakama Kuu iliunga mkono katazo, lakini Januari 2024 hakimu wa Shanzu, Mombasa, aliwaachia huru watu waliokamatwa na shisha akisema kanuni zile hazikuwa zimefuata taratibu za Bunge. Kwetu tamko lilitolewa jukwaani, wakati sheria ya msingi ya tumbaku ikibaki ile ya mwaka 2003, iliyotungwa kabla shisha haijawa mtindo wa vijana wetu. Mabomba yaliondolewa mezani kwa muda, kisha yakarudi sehemu nyingi, mengine nyuma ya mapazia.

Tatizo kubwa la tamko lile lilikuwa sababu iliyopewa uzito. Kijana aliambiwa shisha ni mbaya kwa kuwa inatiwa bangi au unga. Akajibu, kwa haki kabisa, kwamba yake haina unga. Neno tumbaku likapotea katikati, na fungu lile la pili, la starehe isiyo tumbaku, likabaki kama lilivyo.

Watu wa Same wana kumbukumbu mbili ambazo zingewasaidia watawala katika jambo hili. Ya kwanza ni Mbiru. Katika miaka ya 1940 serikali ya kikoloni na machifu walileta kodi mpya ya kupimwa kwa mali ya kila mtu. Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakakaa kwenye makao ya wilaya Same, na wengine wakaendelea kukaa kwa miezi, wakipeana zamu. Hawakukataa kulipa kodi. Walikataa namna ya kukadiriwa, ambayo hawakuelezwa wala kuafikiana nayo. Mwaka 1946 wanawake nao wakaandamana Usangi. Kodi ile ikaondolewa. Mpare akieleweshwa hubeba mzigo mzito kwa hiari. Ndiyo maana aliacha dengelua kwa neno la mchungaji wa kijijini kwake na akamkatalia gavana.

Ya pili inaendelea sasa hivi. Katika kata ya Tae na vijiji vya jirani, mirungi imelimwa kwa miaka mingi na kulisha familia na kulipa ada, ingawa sheria inaihesabu kuwa dawa ya kulevya. Mwaka 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilifanya operesheni kubwa ya kuteketeza mashamba wilayani Same, na imerudi tena baada ya hapo. Wakulima wanahimizwa kuhamia kwenye mazao mengine, nao wana mfano jirani kabisa: Mamba ya leo inajulikana kwa tangawizi. Mirungi imekatwa na itakatwa tena, ila kijana anayeona jinsi sheria inavyoshughulikia jani la nyumbani hujiuliza mbona shisha iliyoingia kwa boti inauzwa kwenye ukumbi wenye taa. Swali lake ni la haki. Halihalalishi mirungi, linaonyesha kwamba watu wazima hawajampa maelezo yanayoshikana.

Maelezo hayo yanaweza kutoka Same yenyewe. Wilaya ina makanisa ya Wasabato yenye uzoefu wa karne moja wa kuwasaidia watu kuacha tumbaku, ina Dayosisi ya Pare ya Kilutheri, ina Jimbo Katoliki la Same, ina misikiti kutoka Kisiwani hadi mjini, na ina shule za sekondari katika kila tarafa. Katika mahubiri na masomo mengi tumbaku bado ni sigara. Basi iongezwe. Mwalimu wa baiolojia achore chungu, mrija na chupa ubaoni kama anavyochora mapafu. Mchungaji na shehe waitaje shisha kwa jina, bila kumtukana anayeivuta, kwa sababu aliyetukanwa hasikii hoja inayofuata. Wazazi wanaopokea watoto wa chuo mwezi wa Desemba wawaulize kwa upole wamewahi kuivuta au la, na wawe na jibu la kweli la kuwapa: ndani ya chungu kile, chini ya foili na harufu ya tufaha, kuna tumbaku, na saa moja ya mezani inaweza kutia kifuani moshi wa zaidi ya sigara mia.